Harufu ya sigara garini haiondoki kwa manukato

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua ili nipinge ushauri uliotolewa katika safu ya magari ya toleo lenu la Jumamosi iliyopita. Mwandishi wa safu hiyo, ambaye kwa kawaida namsoma na kufaidika, alimjibu msomaji aliyenunua gari lililotumika na kukuta linanuka sigara. Alimwambia afungue vioo kwa siku mbili tatu, atundike kinukizi kizuri kwenye kioo cha kutazamia nyuma, na harufu itakwisha yenyewe. Haitakwisha. Nayasema haya nikiwa nimekwisha kuufuata ushauri wa namna hiyo mimi mwenyewe, na ulinipotezea miezi mitatu kabla sijaanza kazi iliyopaswa kufanywa siku ya kwanza.

Kosa lake ni kudhani kwamba harufu hiyo ni hewa iliyofungiwa ndani ya gari, na kwamba hewa ikibadilishwa shughuli imekwisha. Moshi wa sigara umebeba matone na chembe ndogo mno, nyingi zikiwa hazifiki hata mikroni moja, yaani sehemu ya elfu ya milimita, zenye lami, nikotini na kemikali nyingine ambazo idadi yake iliyokwisha kutambuliwa inazidi 7,000. Katika chumba chembamba kama cha gari, chembe hizo hazina pa kwenda isipokuwa kutua: darini, vitini, kwenye vioo, kwenye zulia, ndani ya njia za kiyoyozi. Sigara moja huacha utando usioonekana, lakini sigara za miaka huacha tabaka. Mwenye shaka na achukue kitambaa cheupe chenye unyevunyevu, afute kioo cha mbele kwa upande wa ndani, kisha akitazame.

Tabaka hilo ndilo linalonuka. Nikotini huchemka kwenye nyuzijoto 247 za Selsiasi, kwa hiyo katika joto la kawaida huvukiza polepole sana, kidogo leo na kidogo kesho, na joto likipanda huvukiza kwa kasi zaidi. Ndiyo sababu gari linaloonekana halina neno asubuhi hukupiga usoni adhuhuri, likiwa limeegeshwa juani na vioo vimefungwa. Ukifungua vioo unaondoa kile kilichokwisha kuvukiza saa hiyo tu, na akiba iliyobaki kwenye vitambaa huendelea kuijaza hewa mpya kama ilivyoijaza ile ya zamani. Kinukizi nacho hakiondoi chochote. Kinaongeza harufu ya pili juu ya ya kwanza, na baada ya wiki moja mnunuzi anakuwa na gari linalonuka limau lililofukizwa tumbaku.

Wala jambo hili si la pua peke yake. Mwaka 2008 watafiti wa San Diego, katika jimbo la California nchini Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa magari yaliyotumika yaliyokuwa yakiuzwa na watu binafsi, na katika magari ya wavutaji walikuta nikotini kwenye vumbi, kwenye sehemu za ndani zinazoguswa, na hewani. Mwaka 2010 watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley, katika jimbo hilohilo, walionyesha kwamba nikotini iliyoganda juu ya vitu hukutana na asidi ya nitrasi iliyomo hewani, ambayo hutokana na uchomaji wa mafuta na gesi, na kuzaa nitrosamini, kundi la kemikali ambalo baadhi yake husababisha saratani. Walizipata pia ndani ya gari la mvutaji. Mtoto anayekaa kiti cha nyuma, akashika mlango kisha akatia vidole kinywani, anahusika na habari hii kuliko dereva mwenye pua nyepesi.

Nirudi kwenye gari langu. Nililinunua kwa mtu binafsi, asubuhi na mapema, likiwa limeoshwa likang'aa na limepuliziwa manukato makali kiasi cha kuwasha macho. Sikujiuliza kwa nini. Siku ya kumi manukato yalikwisha nguvu, nami nikajua nimenunua nini. Nilitundika kinukizi, kisha cha pili, nikaweka bakuli la siki sakafuni usiku kucha, nikaweka na kahawa iliyosagwa, na kila mara nilijidanganya kwamba kuna nafuu, kwa kuwa pua ya mwanadamu huizoea harufu ndani ya dakika chache na kuacha kuitolea taarifa. Abiria aliyeingia akitokea nje ndiye aliyekuwa akisema ukweli.

Kilichonisaidia hatimaye kilikuwa kuliosha gari kwa ndani kama mtu anavyoosha chombo kilichogandiwa na masizi. Kwanza kilitoka kilicho kikavu: kisahani cha majivu kikaondolewa kabisa na kuoshwa mbali na gari, mazulia ya miguuni yakatolewa, viti vikasukumwa mbele na nyuma, na mashine ya kuvuta vumbi ikapitishwa hadi kwenye reli za viti na mipasuko ya katikati, ambamo majivu hujificha. Hatua hii haina ujuzi wowote, inataka subira tu, lakini mtu akiiruka, maji atakayotumia baadaye yatageuza majivu kuwa tope linalozama ndani ya kitambaa.

Kisha inakuja dari, na hapa naomba wasomaji wanivumilie, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo karibu kila anayesafisha gari huiruka na ndiyo inayobeba mzigo mkubwa. Moshi wa moto hupanda juu, na kitu cha kwanza unachokutana nacho ni kitambaa cha dari kilicho juu ya kichwa cha mvutaji. Kitambaa hicho kimebandikwa kwa gundi juu ya sponji nyembamba, na chini ya sponji kuna ubao mwepesi. Ukikilowesha, gundi huachia na dari hushuka kama turubai lililojaa mvua, hasara ambayo ni kubwa kuliko harufu yenyewe. Kwa hiyo haipigwi maji wala haisuguliwi kwa brashi ngumu. Hutumiwa povu la sabuni laini ya vitambaa, linalopakwa kwa kitambaa cha mikrofaiba kilichokamuliwa barabara, eneo dogo baada ya eneo dogo, kwa kugandamiza na kufuta kuelekea upande mmoja, na kitambaa kinageuzwa kila kinapobadilika rangi. Ukishaanza huwezi kuacha katikati, kwa maana sehemu iliyosafishwa huonekana kama kiraka cheupe katikati ya manjano na kukuaibisha mpaka umalize. Mimi nilirudia mara tatu, kila mara nikiiacha ikauke kabisa, na mara ya tatu ndipo kitambaa changu kilipotoka kikiwa na rangi yake. Vile vikinga jua viwili vya mbele vihesabiwe pamoja na dari, maana hupuliziwa moshi kwa karibu zaidi kuliko kitu chochote.

Kwa vioo, dashibodi, usukani na plastiki za milango, siki ina kazi yake, ingawa si ile niliyoipa nilipoiweka kwenye bakuli. Nikotini ni besi dhaifu, yaani kinyume cha asidi. Ikikutana na asidi ya siki hugeuka chumvi inayoyeyuka katika maji, na chumvi hiyo huondoka kwa kitambaa. Lakini ni lazima iondoke, maana usipofuta kwa maji safi baadaye umeibadilisha hali tu na kuiacha palepale. Lami, kwa upande wake, ina asili ya mafuta na haijali siki, hutaka sabuni ya kuondoa mafuta. Hivyo mkono unapita mara mbili, wa sabuni kwanza na wa siki iliyochanganywa na maji baadaye, na vioo hurudiwa mpaka visiwe na ukungu wa mistari jua linapovipiga. Nionye jambo moja hapa: siki isichanganywe na dawa za klorini za kung'arisha nguo, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na ndani ya gari lililofungwa hiyo si ajali ndogo.

Viti vya kitambaa na zulia la sakafuni huweza kunyunyiziwa usiku unga wa sodiamu baikaboneti, ule unaoumua keki, ukavutwa kwa mashine asubuhi. Husaidia kiasi, hasa kwa harufu zenye asili ya asidi, ila nikotini si mojawapo ya hizo, kwa hiyo asiyeona mabadiliko makubwa asishangae. Kinachosafisha kwa kweli ni mashine inayopuliza maji ya sabuni na kuyanyonya papo hapo. Ni muhimu yanyonywe, na ni muhimu kazi ifanywe siku ya jua kali, milango ikiwa wazi, kwa kuwa sponji ya kiti iliyobaki na unyevu huota ukungu, na harufu ya ukungu ina ukaidi wake. Viti vya ngozi ni rahisi zaidi, ingawa mishono yake na matundu madogo yanataka brashi laini.

Jambo ambalo mwandishi wenu hakuligusa hata kwa neno moja ni kiyoyozi. Dereva anayevuta huku amekiweka katika hali ya kuzungusha hewa ya ndani huwa anaupitisha moshi uleule tena na tena katika filta ya kabini, yaani kichujio cha hewa ya ndani ya gari, na juu ya koili ya baridi inayoipoza hewa hiyo. Ndiyo maana gari lililosafishwa vizuri huweza kunuka upya mara tu kiyoyozi kinapowashwa, na mwenye gari akadhani sabuni imeshindwa. Filta hiyo katika magari mengi iko nyuma ya kisanduku cha dashibodi na hutolewa bila fundi. Haioshwi, hubadilishwa, na ikipatikana yenye tabaka la mkaa ulioamilishwa ni bora zaidi, kwa kuwa mkaa huo hunasa gesi ambazo karatasi ya kawaida huziachia zipite. Koili husafishwa kwa dawa yake maalumu ya povu. Filta mpya iwekwe mwisho wa kazi yote, isije ikaanza maisha yake kwa kunyonya mabaki.

Wapo wanaosafisha magari kwa mashine ya ozoni na kuahidi kwamba kwa saa moja kila kitu kitakwisha. Ozoni ni oksijeni yenye atomi tatu badala ya mbili, na ni kweli kwamba huunguza kemikali zenye harufu. Lakini huunguza pia mapafu, huchakaza mipira ya milango, na ikikutana na nikotini huzaa chembe ndogo zaidi ambazo si njema kuvutwa. Mamlaka ya mazingira ya Marekani imekuwa ikionya dhidi ya kutumia mashine hizo mahali penye watu. Atakayeichagua ahakikishe gari halina kiumbe ndani, apitishe hewa kwa muda mrefu baadaye, na awe ameshaosha kwanza, kwa maana ozoni haifiki ndani ya tabaka nene la lami.

Nilipomaliza yote hayo, gari lilikuwa safi isipokuwa kwa kitu kimoja kilichonisumbua kwa wiki nzima: harufu ilibaki upande mmoja tu, begani kwangu. Nilirudia dari, nikarudia mlango. Mwishowe nilivuta mkanda wa usalama mpaka ukaishia, nikakuta ile sehemu inayojikunja ndani ya nguzo ina rangi tofauti kabisa na sehemu niliyozoea kuiona. Kila safari mkanda ule ulikuwa ukipita mbele ya sigara ya mwenye gari wa zamani kisha ukaenda kujihifadhi gizani. Niliuosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, nikaubana kwa kibanio usirudi ndani mpaka ulipokauka. Mikanda isitiwe dawa kali za kung'arisha, kwa kuwa hudhoofisha nyuzi zinazotakiwa kumshika mtu siku ya ajali.

Ninachomwomba mwandishi wa safu yenu ni kumrudia yule msomaji na kumpa jibu jingine, na kwa wale ambao bado hawajanunua, awaambie walikague gari adhuhuri na wala si asubuhi, likiwa limefungwa juani kwa saa moja, wafungue mlango wao wenyewe na kuvuta pumzi ya kwanza kabla pua haijazoea, kisha wauvute mkanda wa dereva hadi mwisho. Gari lenye manukato makali kupita kiasi wangeliuliza maswali zaidi kuliko gari lenye harufu ya vumbi.

Gari langu ninakusudia kuliuza mwakani. Tangazo nitakalolileta kwenye kurasa zenu litaeleza kwamba liliwahi kuvutiwa sigara kwa miaka, na kwamba dari, mikanda na kiyoyozi vimeshughulikiwa. Halitakuwa na kinukizi, na mnunuzi atapangiwa saa saba mchana.

Msomaji wenu wa siku nyingi