Barua kwa mwana wangu juu ya meza ya jikoni

Mwana wangu mupendwa,

Foto za meza yako ya jikoni yenye kuoza zimefika zote, na nimeona unatafuta kujua utaitengeneza upya na nini. Ile yenye mukwe wangu alipiga na torshi chini ya evye (beseni ya kuoshea vyombo) njo nimetazama sana. Ile mbao ya chini ya fomika (ile karatasi nguvu ya plastiki ya juu ya meza) imevimba kama mukate umeanguka mu chai, hiyo haitengenezeki tena, musipoteze pesa ku kole na misumari, muitoshe tu. Lakini zile kuta fupi za matofali zenye kuibeba naona ziko nzima na milango yake pia, kwa hiyo fundi akikuambia tubomoe byote tuanze upya, umukatalie, ni mufuko wako anatafuta.

Sasa najua roho yako iko ku graniti ju uliiona kule Muhumba, mutaa wa Bukavu, vile inangaa. Sikatai, graniti ni jiwe nguvu, unaweka sufuria ya moto juu haisemi kitu, kisu nacho hakiikwaruze. Lakini piga hesabu na miye. Meza yako iko na metre 3 kwa sentimetre 60, na graniti ya sentimetre 2 inafika kilo 54 hivi kwa metre caré moja, ile yako yote inakaribia kilo 100, na nyumba yenu iko chini kule, ngazi juu ya ngazi. Nani ataishusha bila kuipasua? Na pale banatoboa shimo ya evye ndiyo pale inapenda kuvunjika, ju kunabakia kamukanda kadogo mbele na nyuma. Tena kuko bauzaji wenye wanaita graniti kila jiwe yenye kungaa hata kama ni marbre (marumaru). Omba kipande chenye kimevunjika, kamulia limau juu, ungoja kidogo upanguse, kama pale limau ilikaa pamepoteza mungao hiyo ni marbre. Na weye mwenye kutia limau ku sambaza (vile visamaki vya ziwa) kila siku na kukata tomati pale pale, marbre haitamaliza mwezi iko vile uliinunua.

Kwangu miye mufanye beton (zege) na karo (vigae) juu. Najua unaona karo ni kitu ya chini, usikie kwanza. Beton ya sentimetre 5, fer (nondo) ya milimetre 8 ndani, ikae juu ya zile kuta za matofali: ile yote haikuli hata mufuko moja ya simenti. Wamwage, waache shimo ya evye palepale mu coffrage (zile mbao za kumwangia beton), wasije kutoboa nyuma na burin (patasi). Halafu munafunika na mifuko yenye kulowana, kila asubui na magaribi unamwangia maji, siku 7 bila kuruka, ju simenti inakomaa na maji, ikikauka mbio inapasuka. Karo bangoje mwezi moja kama munaweza kuvumilia.

Na kwa karo njo nataka unisikie vizuri. Meza yako ni ndogo. Utachukua karo ya sentimetre 60 kwa 60, ile ya chini ya nyumba, siyo ya ukuta, na karo moja inatosha kutoka mbele mpaka nyuma, kwa hiyo 5 tu zinamaliza metre 3. Ya 6 wanaikata vipande vya sentimetre 10 vya kuweka ku ukuta nyuma, ya 7 wanaikata vipande vya mbele, ya 8 inabaki ju fundi lazima atavunja moja. Beton ikuwe na upana wa sentimetre 59 ili karo ipite kidogo mbele ifunike kale kakipande ka mbele. Karo 8 tu! Mutu mwenye anajenga nyumba nzima hawezi kununua makarto ya mwisho yenye imebakia dukani, haimutoshi, lakini weye inakutosha, na hayo njo wanauza bei ya kupunguza. Pita ku soko ya Kadutu, pita na ku shantie (kwenye wanajenga) za batu munajuana, uliza kama kuko karto mbili zilibakia. Hapo unaweza kupata karo ya muzuri sana kwa pesa ya karo mubaya. Rangi usiikazie roho, kaza ku nguvu yake: igeuze, tia tone ya maji ku mugongo wake, maji ikinywewa mbio hiyo ni ya ukuta, rudisha. Ile ya nguvu tone inakaa pale inakutazama.

Mistari ya katikati ya karo uchague rangi ya majivu ama nyeusi, usiweke nyeupe mwana wangu, mawese ya sombe (majani ya muhogo) ikianguka mara moja tu haitoke tena. Na kinu cha kutwangia sombe kikae chini, hakuna karo yenye itavumilia mutwango.

Pale meza inakutana na ukuta, na kuzunguka evye yote, wasiweke simenti, waweke silikoni (ile kole ya namna ya mpira). Udongo yetu inatikisika, munakumbuka vile Bukavu ilifanywa tarehe 3 Februari 2008, simenti ya kona inapasuka, kisha maji inapita pale polepole hauoni kitu mpaka siku unasikia harufu ya kuoza. Meza yako haikuuawa na uzee, ni kale kamaji kenye kuvuja nyuma ya robine (bomba). Kama pesa itapungua, punguza kwengine, siyo ku silikoni.

Ule upande mwingine, kwenyi munaweka termosi na masahani, hapo fomika inaweza kukaa, haina mubaya kama maji haifiki na kama hakuna mutu wa kuiwekea sufuria inatoka ku makala. Kata nyama na mboga ku ubao wa muti, karo inaua kisu.

Na usiniombe nikutumie jiwe ya volkano ya huku Goma. Ni muzuri kwa msingi na kwa kuta, lakini iko matundu matundu ju ya hewa yenye ilibaki ndani wakati lava inapoa, mafuta na unga wa bugali utaingia mule na hakuna brosi itatosha.

Wakati wanakata karo wakatie inje, fundi afunge kinywa na pua, na mujukuu wangu umutoshe kabisa pale. Ile vumbi inaharibu mapafu. Australia ilifika kukataza mawe ya jikoni yenye wanatengeneza mu kiwanda tangu 1 Julai 2024 ju bafundi walikuwa wanaikata wanagonjwa mapafu, na karo nayo iko na vumbi ya namna ile ile.

Fundi akikuandikia devis (karatasi ya bei) nitumie mbele ya kutoa avance (pesa ya kwanza), nataka kuona kama ameandika fer na silikoni ama amezisahau. Na mupime tena ule upana na mukwe wangu, kona zote mbili, ju nyumba za kwenu ukuta haziko sawa.

Mama yako, Goma