Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: ni kwa nini tulifunga folda

Ndugu wanachama, asalaam aleikum na hamjambo nyote.

Shughuli za kawaida mnazijua. Makarani walipata mafunzo, futari ya pamoja ilifanyika, barua kuhusu foleni za malori katika bandari ya Kilindini, Mombasa, zimepelekwa. Wanachama ni 86: waliolipa ada kamili 39, waliolipa nusu 14, wasiotoa hata senti 33. Tumekaa vikao 4, na hakuna kilichofikisha watu 25. Hilo linaniuma, kwa sababu wengi wanaolalamikia hatua ya kufunga folda za kompyuta za ofisi hawakuwapo siku lilipojadiliwa, ilhali ajenda walipelekewa siku 14 kabla.

Nimeambiwa nimewafungia watu ofisi yao wenyewe. Ni kweli pendekezo la kupunguza ruhusa za folda lilikuwa langu, na kamati ililipitisha kwa kura 7 kwa 2.

Folda kuu kwenye seva yetu, yaani kompyuta ya pamoja inayotunza faili, ilikuwa imepewa kundi la "Everyone" ruhusa ya juu kabisa, "Full Control". Kila mwenye akaunti, hata kijana wa mafunzo ya wiki 6, aliweza kusoma, kubadilisha na kufuta, na hata kugeuza ruhusa zenyewe akamfungia mwenzake. Humo mna nakala za vitambulisho vya wateja, namba zao za kodi (PIN), ankara na mishahara. Akaunti 11 za watu walioacha kazi zilikuwa bado hai. Makarani 4 walitumia nenosiri moja la msimamizi, limeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye kikaratasi kilichobandikwa chini ya skrini ya mapokezi. Faili ikipotea, jina linaloonekana ni la msimamizi. Mkono uliofuta haujulikani. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inatupa saa 72 tu kumwarifu Kamishna wa Data endapo taarifa za watu zitavuja na kuwaweka hatarini. Tungemweleza nini?

Kwanza tulihifadhi nakala rudufu ya faili, na orodha ya ruhusa za zamani kwa icacls, amri ya Windows ya kushughulikia ruhusa za faili, ili tukikosea turudi tulikotoka. Kisha tukaunda makundi 4 kulingana na kazi: mapokezi, forodha, uhasibu, uongozi. Ruhusa hupewa kundi, hapewi mtu. Karani akihamishwa anatolewa huku na kuingizwa kule, basi. Karani wa forodha ana "Modify" (kusoma, kubadilisha na kufuta, bila kugeuza ruhusa) kwenye folda yake, na ya viwango vya ushuru anaisoma tu. Kwenye uhasibu, anayeandika malipo siye anayeyaidhinisha. "Deny", yaani katazo, tuliikwepa makusudi: hushinda ruhusa iliyo sambamba nayo, na mtu aliye katika makundi mawili hujikuta nje asijue kwa nini.

Siku 3 za mwanzo zilikuwa ngumu, sikatai. Windows huyasoma makundi ya mtu anapoingia, kwa hiyo aliyeacha kompyuta yake wazi tangu jana alibaki na ruhusa za jana mpaka alipotoka kabisa na kuingia upya. Programu ya ankara nayo iligoma, kwa sababu ilikuwa ikiendeshwa kwa akaunti ya msimamizi na nenosiri lilikuwa limebadilishwa. Sasa ina akaunti yake. La tatu ndilo la kuangaliwa sana: faili inayohamishwa ndani ya diski ileile hubaki na ruhusa za ilikotoka, ila inayonakiliwa huchukua za inakokwenda. Ndiyo maana stakabadhi za bima zilibaki wazi kwa wote hata baada ya kuwekwa kwenye folda iliyofungwa, hadi nilipodai zikaguliwe moja moja.

Fundi alilipwa shilingi 48,000. Risiti na kumbukumbu za kikao ziko ofisini, na wanaoniuliza fedha zilikokwenda wanakaribishwa kuzisoma. Kurudisha folda wazi kama zamani sikubali, nikiwa bado kwenye kiti hiki.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kuzipitia ruhusa mara kwa mara, na kupata seva mpya fedha zikiruhusu.

Karani wako akiacha kazi, mpigie katibu siku hiyohiyo, usingoje mwisho wa mwezi. Fomu za kuomba ruhusa ziko kwake. Sahihi ni ya mwajiri, karani hajisainii mwenyewe.