Novemba 3, Minnesota: tusirudi nyumbani bila kupiga kura

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wasomaji wako wanaoishi Minnesota, jimbo lenye Wakenya wengi, kwamba Jumanne, Novemba 3, 2026, tutamchagua gavana, seneta wa Marekani atakayechukua kiti cha Tina Smith, aliyeamua kutogombea tena, pamoja na wabunge na maseneta wote 201 wa jimbo. Kura ya mapema inaanza Septemba 18.

Raia wapya wengi hudhani kwamba aliyechelewa kujiandikisha amekosa. Sivyo. Sheria inamruhusu mtu kujiandikisha kituoni siku ileile ya uchaguzi. Mwaka 2024 nilimkuta mama mmoja, bado amevaa sare ya kazi ya usiku, akiondoka kituoni kwa huzuni kwa kuwa leseni yake ilikuwa na anwani ya zamani. Nilimsihi arudi ndani, akaonyesha bili ya umeme kwenye simu yake, akaandikishwa na kupewa karatasi ya kura. Ni wangapi waliorudi nyumbani bila wa kuwaambia?

Mwajiri naye hana ruhusa ya kumkata mshahara mfanyakazi kwa muda anaoutumia kwenda kupiga kura. Lakini ndugu zangu ambao bado si raia, hata wenye kadi ya kijani, nawaomba kwa dhati wasijaribu kupiga kura wala kujiandikisha, kwani kosa hilo laweza kuwafukuzisha nchini.

Msomaji wako,
Brooklyn Park, Minnesota