Pokea simu, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Tangu Jumamosi nakupigia, hupokei. Dada yako amenieleza: kwenye mechi yenu ya futiboli ya Kimarekani, dakika za mwisho ulirusha mpira, mpinzani akaudaka, akakimbia nao hadi akafunga. Mkashindwa, na wewe umejifungia chumbani.

Kuna siku sijawahi kukusimulia, maana ulikuwa mchanga, nimekubeba mgongoni kwa kitenge. Ni tarehe 1 Januari 2007, mwaka wetu wa kwanza hapa Boise, Marekani. Jirani alituita kwake tuangalie Boise State, timu ya chuo kikuu cha hapa iliyoshika nafasi ya 9 nchini, ikicheza na Oklahoma ya 7, kwenye Fiesta Bowl, mechi kubwa ya vyuo kule Arizona. Mchezo wenyewe nilikuwa siujui, jirani ananieleza kwa ishara.

Imebaki kama dakika moja, 28 kwa 28. Kwotabeki wetu, yaani mrushaji wa timu, Jared Zabransky, akarusha. Marcus Walker wa Oklahoma akaudaka, mbio hadi mwisho. 35 kwa 28. Nikasema moyoni, huyu sasa atatolewa. Kocha Chris Petersen hakumtoa.

Zikabaki sekunde 18, jaribio la mwisho, na zinatakiwa yadi 18, la sivyo mpira unakwenda kwa Oklahoma. Zabransky akamrushia Drisan James, James akampasia Jerard Rabb aliyekuwa akija mbio upande wa pili, Rabb akafunga. Sare. Kwenye muda wa nyongeza Oklahoma walifunga mapema, Boise State wakajibu: 42 kwa 41. Ukishafunga, unaweza kupiga teke upate pointi moja, au kuuingiza mpira tena upate mbili. Teke moja lingetosha kusawazisha. Petersen akataka pointi mbili, na mpira akaurudisha mikononi mwa yuleyule.

Zabransky aliinua mkono wa kulia kama anarusha, kumbe mkono mtupu. Mpira ulikuwa mgongoni, kwenye mkono wa kushoto. Mwenzake Ian Johnson akapita nyuma yake, akauchukua, akaenda zake kufunga. 43 kwa 42. Jirani alipiga ukelele, ukaamka ukilia.

Watu hapa husimulia ujanja ule mpaka leo. Mimi nakumbuka zaidi ile dakika moja, alipotoka kukosea mbele ya nchi nzima akarudi uwanjani kushika mpira. Nilikuwa mgeni, hata kuomba maji dukani naona haya. Kesho yake nilikwenda kuomba kazi.

Jumapili jioni nitapiga tena. Pokea, baba, hata kama huna la kusema.

Mama yako