Kesho Thanjavur

Habari za jioni ndugu zangu. Kesho gari linaondoka Tiruchirappalli saa 12 kamili asubuhi, naomba tuwahi. Nataka tufike hekalu la Kihindu la Brihadisvara, mjini Thanjavur kusini mwa India, jua halijawa kali, maana viatu vinaachwa nje na ile sakafu ya mawe huunguza nyayo. Bebeni soksi.

Mfalme Rajaraja wa ukoo wa kifalme wa Chola alilikamilisha mwaka 1010; mnara wake wa graniti unapita mita 60. Ila msiishie kutazama juu! Inameni kwenye kuta za chini: maandishi ya Kitamil yamechongwa mstari kwa mstari, hadi majina ya wanawake waliocheza ngoma hekaluni. Mimi hapo huwa sibanduki.

Mchana ni wali na mchuzi wa dengu kwenye jani la mgomba. Mama mwenye maumivu ya magoti, kiti cha mbele ni chako.