Gary Numan si mtu wa wimbo mmoja

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nimeanza kulisoma enzi za kuletewa nakala zilizofungiwa viatu kwenye mabegi ya wasafiri, na sasa nalisoma kwenye simu kabla sijanywa chai. Muda wote huo sijapata kukuandikia. Mlipoweka picha ya Wete mkasema ni Kilindini, nilinyamaza. Mlipomzika mwimbaji aliye hai, nilinyamaza pia, maana mwenyewe alijitokeza akakanusha. Lakini ile habari yenu ya ukurasa wa burudani juu ya "wakongwe wa wimbo mmoja", iliyomtia Gary Numan, mwanamuziki wa Kiingereza wa vinanda vya umeme, katika kundi la waliovuma msimu mmoja wakapotea, imenikaa kooni.

Mwandishi wenu kasema mambo mawili. La kwanza, ati Numan alikuwa na wimbo wa "Cars" wa mwaka 1979, basi. La pili, ati muziki wake ulikuwa "wa kubonyeza kitufe", mashine inafanya kazi yenyewe na mtu kasimama tu. Yote mawili si kweli, na hili la pili ndilo lililonifanya nitafute kalamu.

Kabla ya "Cars" kulikuwa na "Are 'Friends' Electric?", aliyoitoa akiwa na kundi lake la Tubeway Army. Ulikaa nambari moja Uingereza wiki nne, mwaka huohuo wa 1979. Ni wimbo wa dakika tano na ushei, hauna kiitikio cha kuimbwa, na sehemu nyingine anazungumza tu kama mtu anayejisemea chumbani. Albamu iliyoubeba, Replicas, ikapanda nambari moja. Septemba ikaja "Cars", nambari moja, na The Pleasure Principle, nambari moja. Mwaka uliofuata ikatoka Telekon, nayo ikaenda palepale. Albamu tatu mfululizo juu ya chati, na kijana mwenyewe hajatimiza miaka 23. Huyo ndiye mtu wenu wa wimbo mmoja. Naona kosa lilikotoka: Marekani ni "Cars" peke yake iliyoingia kumi bora, ikafika nambari tisa, na mwandishi wenu kanakili orodha ya Wamarekani bila hata kujiuliza mwanamuziki ni wa wapi. Kazaliwa Hammersmith, London.

Sasa hicho kitufe. Mwaka 1978 Numan aliingia studio moja ya Cambridge iitwayo Spaceward kurekodi muziki wa panki, magitaa matupu. Akakuta Minimoog, aina ya sinthesaiza, yaani kinanda cha umeme kinachojitengenezea sauti zake, imeachwa pale, inangoja kufuatwa na wenyewe. Hajapata kuigusa maishani mwake. Akaomba, akabonyeza, na kwa bahati aliyeitumia kabla yake alikuwa ameiacha kwenye sauti nzito; mngurumo ukatikisa chumba kizima. Albamu ya panki ikageuka kuwa kitu kingine hapohapo. Kama mashine inafanya kazi yenyewe, Bwana Mhariri, mbona haikumfanyia yule aliyeiacha pale? Tena Minimoog ile si simu ya leo. Inatoa sauti moja tu kwa wakati mmoja. Ukibonyeza mbili, unapata moja. Haikumbuki kitu: ukiitaka sauti ya jana, uzungushe swichi zake upya, moja moja, kwa sikio. Na ikipata joto, sauti inahama, uirudishe huku taa za jukwaa zinakuchoma. Halafu chukueni hiyo The Pleasure Principle muisikilize. Hamna gitaa la kawaida humo, hata moja, aliliondoa makusudi. Lakini ngoma kapiga Cedric Sharpley kwa mikono na miguu yake, besi kapiga Paul Gardiner, Chris Payne yuko kwenye vinanda pamoja na Numan, na kuna mahali inaingia fidla ya Billy Currie. "Cars" yenyewe aliitunga kwa gitaa la besi, baada ya kuzongwa na watu ndani ya foleni ya magari London, waliotaka kumtoa wampige, akajifungia milango. Hapo kitufe kiko wapi? Huyu mtu alikuwa na hofu, akaitafutia sauti, na sauti aliyoipata ni ya chuma. Mkisikia ubaridi, basi ndio alivyokusudia.

Mimi nilikuwa mwanafunzi hapa Portsmouth, kijana wa Kizanzibari kati ya watoto wa mabaharia wa Kiingereza, nilipomwona kwenye televisheni mwaka ule: nguo nyeusi, uso mweupe, hacheki, hachezi. Marehemu baba yangu akauliza kama yule kijana anaumwa. Mimi nilimwelewa mara moja. Telekon niliinunua kwa mshahara wa kazi ya Jumamosi, jalada jeusi lenye mistari myekundu, na mpaka leo ipo, pembe moja imeliwa na unyevu. Mashabiki wake tunaitwa Numanoids. Miaka ya themanini, redio zilipoacha kumpiga, tuliendelea kununua. Si jambo la kujivunia sana, maana nyingine zilikuwa mbovu.

Nikupe kisa kimoja, ujue kwa nini habari kama zenu zinaumiza. Miaka ya mwanzo ya 2000 tulikuwa na harusi ya mtoto wa dada yangu, ukumbi wa kukodi, biriani imeshaliwa, wanawake wamevua mabuibui, vijana wanataka kucheza. Nikamwendea DJ, kijana wa kwetu, nikamwomba kwa adabu anipigie "Are 'Friends' Electric?" japo dakika mbili, na santuri ninayo garini. Akanitazama tangu miguuni mpaka kichwani. "Mjomba, hapa nikipiga wazungu wa zamani watu watakaa." Vijana wa karibu wakacheka. Nikarudi kitini. Haukupita muda akapiga "Freak Like Me" ya Sugababes, kundi la wasichana wa Uingereza, na ukumbi mzima ukasimama, bibi harusi, mashangazi, watoto, hata kaka yangu ambaye goti halimruhusu. Sasa, Bwana Mhariri, wimbo ule uliofika nambari moja mwaka 2002 umesimama juu ya nini? Juu ya kinanda cha Numan, kilekile cha "Are 'Friends' Electric?", kimechukuliwa kizimakizima na kuwekewa maneno ya watu wengine! Nilisimama kati ya ukumbi nikimpungia mkono yule kijana, "Ndiyo huo! Ndiyo huo!", naye akanijibu kwa maikrofoni, mbele ya wakwe, "Hapana mjomba, hawa ni Sugababes." Watu wamecheza mpaka jasho, na mwenye kinanda kaitwa mzungu wa zamani. Mpwa wangu hajaacha kunitania. Habari yenu ilipotoka, wa kwanza kunitumia alikuwa yeye, na vikatuni vya kucheka chini yake.

Na hapa niseme jingine linalonikera. Kila mkigusa muziki wa Uingereza lazima mtuletee Freddie Mercury. Habari ilikuwa ya Numan, lakini aya mbili za mwisho zikawa za Freddie: kazaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946, kaondoka na wazee wake mwaka wa Mapinduzi. Tunajua. Watalii wanajua. Makumbusho yake yapo Shangani. Sina ugomvi naye, Mungu amrehemu, ila kama mlikuwa hamna budi kumwingiza, mngeingiza linalohusu. Queen, kundi lake Freddie, ndio waliokuwa wakiandika kwenye majalada ya albamu zao za miaka ya sabini kwamba humu hamna sinthesaiza, kwa kujigamba. Mwaka 1980, katika The Game, wakaitumia. Mwaka 1979 "Cars", mwaka 1980 The Game; sisemi kitu, naziweka tarehe tu mezani. Mwaka 1981 Roger Taylor, mpiga ngoma wa Queen, akaja kupiga kwenye baadhi ya nyimbo za albamu ya Numan iitwayo Dance. Hizo ndizo aya mbili za kuandika, wala msingelazimika kurudia mahali alipozaliwa mtu.

Dharau hii ya kinanda si yenu peke yenu. Waingereza wenyewe, mwaka 1982, tawi la London ya kati la chama cha wanamuziki lilipitisha hoja kutaka sinthesaiza zipigwe marufuku. Na kwetu Unguja, tangu taarab ya kinanda ishike katika miaka ya tisini, hakuna barza isiyokuwa na mzee wa kusema kinanda kimeiua taarab. Mpigaji mvivu angeiua hata kwa qanuni na fidla kumi na mbili.

Tena mmesema "wakapotea". Ni kweli alianguka, akaingia madeni, akawa anatoa santuri kwa lebo yake mwenyewe na kurusha ndege ndogo kwenye maonyesho. Lakini akarudi, kwa muziki mzito zaidi, kuanzia albamu za Sacrifice ya 1994 na Pure ya 2000, na waliokuwa wakimwiga wakawa wanasema hadharani wamejifunza kwake. Nine Inch Nails, kundi la Marekani, waliurekodi wimbo wake "Metal". Savage ilifika nambari mbili mwaka 2017, mwaka aliopewa tuzo ya Ivor Novello, ile ya watunzi wa nyimbo. Intruder, nambari mbili tena, 2021. Natamani mimi nipotee namna hiyo.

Sikuombeni mumwombe radhi, hasomi Kiswahili. Ninaloomba ni hili. Nunueni kinanda cha mitumba, mkiweke chumba cha habari karibu na birika la chai. Mwandishi yeyote atakayetaka kuandika "kubonyeza kitufe" akae kwanza, apige ile sauti nzito ya "Are 'Friends' Electric?" kwa mkono wa kushoto, dakika tano na ushei, bila kukosea na bila kutazama simu, na mpiga picha wenu awe shahidi. Akimaliza salama, andikeni mnalotaka. Kinanda kikikosekana nitakuleteeni changu kimoja, nauli ya mzigo mtalipa nyie. Kina funguo mbili hazilii, za upande wa kulia, lakini kwa kazi hii hamtazihitaji.

Wenu,
Numanoid Mzanzibari,
Portsmouth, Uingereza