Farasi anayejikuna: zuieni usubi kwanza, sindano ifuate

Mhariri,

Joto na unyevunyevu vikikutana, malalamiko ya wafugaji wa farasi huwa yaleyale. Farasi anajisugua kwenye nguzo hadi singa zinanyonyoka, anachomwa sindano ya deksamethasoni, yaani steroidi ya kutuliza mzio, anatulia siku mbili tatu, kisha anaanza upya. Hapo dawa hulaumiwa. Kosa si la dawa: farasi amerudishwa malishoni jioni ileile, kwa wadudu walewale.

Mara nyingi anayesababisha mzio huu ni usubi, mdudu wa milimita 1 hadi 3 ambaye wengi hawamwoni kabisa. Mwili wa farasi hukataa protini zilizo kwenye mate yake. Mwasho wa kwanza huja ndani ya dakika au saa chache, na wimbi la pili huja siku moja au mbili baadaye. Ndiyo maana jioni moja ya uzembe huharibu kazi ya siku kadhaa. Tazameni singa za shingo, shina la mkia, mahali shingo inapokutana na mgongo, na mstari wa katikati ya tumbo. Akijikuna mkiani tu, msikimbilie kusema ni mzio. Huenda ni minyoo wanaotaga mayai kuzunguka mkundu. Bandikeni utepe unaonata pale, muupeleke ukapimwe kwa hadubini. Chawa na ukurutu navyo vichunguzwe.

Usubi huuma zaidi machweo na alfajiri. Kwa hiyo farasi aingie bandani saa moja au mbili kabla ya jua kuzama, atoke jua likiwa limekwisha kupanda. Chandarua cha kawaida cha mbu hakitoshi, kwani usubi hupenya. Tafuteni wavu wenye matundu ya chini ya milimita 1, na kwa kuwa wavu wa namna hiyo huzuia hewa, wekeni feni. Feni hiyo ni kinga pia: usubi haruki vizuri kwenye upepo unaozidi kilomita 10 kwa saa, na banda lenye feni kubwa inayompulizia farasi moja kwa moja hufanya kazi kuliko mafuta mengi yanayouzwa kwa sifa. Matope, samadi na majani yanayooza ndiko anakozaliana, basi malisho ya farasi huyo yawe juu, pakavu, penye upepo.

Angalizo moja. Wapo inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye maji yanayotiririka. Hao huuma mchana, hasa ndani ya masikio na tumboni, na kwa kawaida hawaingii ndani ya nyumba. Farasi anayesumbuliwa nao afungiwe mchana. Ratiba ya usubi hapo haitamsaidia.

Vazi la wavu linalofunika shingo, tumbo na shina la mkia livaliwe kabla msimu haujaanza, ngozi ikiwa kavu, na lichunguzwe kila siku lisimchubue. Permethrini ni dawa nzuri ya kufukuza wadudu, lakini jasho na mvua huiondoa. Ipakwe upya kama kibandiko kinavyoelekeza. Paka wa bandani wakae mbali nayo, maana permethrini nzito huua paka. Oili chafu ya injini, ambayo bado inapakwa, huunguza ngozi na ina sumu. Iacheni.

Ngozi ikishachubuka, ioshwe kwa maji baridi na shampuu ya kloroheksidini (dawa ya kuua vijidudu) ya asilimia 2 hadi 4. Povu likae dakika 10, kisha lisuuzwe lote. Hapa ndipo wengi huharibu: wanasuuza mara moja, au wanatumia maji ya moto yanayoongeza mwasho, au wanasahau kwamba kuosha kumeondoa dawa ya wadudu.

Sasa vidonge. Kwa mwasho mkali, daktari wa mifugo huanza na prednisoloni, nayo ni steroidi, takriban miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kila asubuhi, kwa siku 7 hadi 10. Ikishatulia, kipimo hupunguzwa na kutolewa kwa kuruka siku: leo apewe, kesho asipewe. Farasi wa kilo 500 anahitaji miligramu 500, yaani vidonge 25 vya miligramu 20, wala si viwili vitatu kama vya binadamu. Iwe prednisoloni, isiwe prednisoni. Utumbo wa farasi hufyonza prednisoni vibaya, na ini lake haliigeuzi ipasavyo kuwa prednisoloni, hivyo mtalipia vidonge visivyofanya kazi. Farasi mnene au aliyewahi kuvimba ndani ya kwato asipewe steroidi bila daktari kupima hatari ya kwato kuvimba. Anaweza kushindwa kusimama. Setirizini, dawa ya mzio isiyo steroidi, miligramu 0.2 hadi 0.4 kwa kilo kila baada ya saa 12, hujaribiwa, lakini matokeo yake ni ya kubahatisha. Farasi wa mashindano ahesabiwe siku za kusafisha dawa mwilini kabla ya kushindana.

Vimbe zilizotapakaa mwilini kwa ghafla ni jambo jingine. Zikifika usoni, puani, au pumzi ikianza kukoroma, mwiteni daktari papo hapo. Farasi hapumui kwa mdomo, na pua zikiziba hana njia nyingine; huenda akahitaji adrenalini, na daktari ndiye anayeitoa.

La mwisho ni kuhusu uzazi. Mwelekeo wa mzio huu hurithiwa, na kwa kawaida hujitokeza farasi akiwa na miaka 2 hadi 4, kisha huzidi msimu hadi msimu. Dume mwenye mkia ulionyonyoka kila mwaka asipandishwe, hata awe na mbio kiasi gani, na anayemuuza wakati wa kiangazi, manyoya yakiwa yameota tena, amweleze mnunuzi.

Daktari wa mifugo